Fizikia, Cheti cha Kidato cha Nne na Muuguzi Anayetaka Udaktari

Kijana wa Newala au Masasi aliyemaliza kidato cha nne akiwa na D katika Biolojia, Kemia, Fizikia na somo jingine moja lisilo la dini ana sifa ya kusomea stashahada ya uuguzi na ukunga. Kwa D hizohizo nne ana sifa pia ya kusomea stashahada ya utabibu. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kuna chuo cha uuguzi. Masasi, chini kwenye tambarare yenye vilima vya mawe, kuna chuo cha matabibu. Kozi zote mbili ni za miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6, na zote ziko chini ya NACTVET, chombo cha taifa kinachosimamia vyuo vya ngazi hiyo. Wengi huchagua kwa kufuata nafasi iliyopatikana, ada inayolipika, au ushauri wa shangazi anayefanya kazi hospitalini. Wakati huo mwombaji ana miaka 18 au 19, na mara chache hupata mtu wa kumwambia kwamba stashahada moja kati ya hizo inafungua mlango wa Shahada ya Udaktari wa Tiba, na nyingine haifungui.

Jambo hili limeandikwa wazi. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa mwongozo wa udahili wa aina mbili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada na sifa linganishi. Katika miongozo ya miaka ya karibuni, vyuo vingi vinavyofundisha udaktari vimetaka mwombaji wa stashahada awe na stashahada ya utabibu, wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu yake awe na walau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Afisa muuguzi msaidizi mwenye GPA ya 4.5 akiusoma ukurasa huo hakuti jina la stashahada yake. Analikuta kurasa nyingine, kwenye Shahada ya Uuguzi.

Kwa hiyo muuguzi anayeuliza ajiandae vipi kwa mtihani wa kuingia udaktari, jibu la kwanza ni kwamba Tanzania haina mtihani maalumu wa aina hiyo. Mtihani wa kuingia ni ule wa taifa wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na nyuma yake kuna cheti cha kidato cha nne. Maandalizi yanaanza kwa kukitoa cheti hicho kwenye bahasha na kukisoma upya, somo kwa somo.

Marekani mambo ni tofauti. Mwenye shahada ya kwanza, awe muuguzi au mwanamuziki, hukalia MCAT, mtihani wa maswali 230 unaochukua takriban saa saba na nusu pamoja na mapumziko, na alama zake ni kati ya 472 na 528. Uingereza na Australia vyuo kadhaa hutumia GAMSAT, ambao sehemu yake ya sayansi ina Biolojia asilimia 40, Kemia asilimia 40 na Fizikia asilimia 20. Wauguzi wa huko nao hulalamikia kitu kimoja: kozi ya uuguzi haikuwapa Fizikia ya kutosha, wala Kemia ya kaboni. Pengo la muuguzi wa Lukuledi, wilayani Masasi, ni pengo la muuguzi wa Chicago. Tofauti ni kwamba yule wa Chicago shahada yake ya uuguzi inahesabiwa kuwa hatua ya kwanza, naye hubaki kujaza masomo mawili matatu. Huyu wa Lukuledi anarudishwa sekondari.

Ukali wa mfumo huu unaonekana zaidi ukikumbuka historia ya eneo lenyewe. Daktari wa upasuaji Leader Stirling alifika hospitali ya misheni ya Lulindi, wilayani Masasi, mwaka 1935, akafanya kazi miaka mingi katika majengo ya udongo na nyasi. Hakuwa na madaktari wa kumsaidia, hivyo aliwafundisha vijana wa hapo uuguzi na kazi za chumba cha upasuaji, na kwa mikono yao hospitali ikaenda. Baadaye Stirling akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, kuanzia 1975 hadi 1980. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na madaktari 12 tu. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, na pengo la madaktari lilizibwa kwa kumpandisha mtu kutoka alipo: mganga msaidizi wa kijijini akawa tabibu, tabibu akawa daktari msaidizi aliyeruhusiwa kufanya upasuaji wa uzazi. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la Health Affairs haukuona tofauti ya maana kati ya upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada.

Ngazi ile ilikuwa ya matabibu. Wauguzi walikuwa na ngazi yao, cheti hadi stashahada hadi shahada, na ngazi hizo mbili hazikuwahi kuunganishwa kwa daraja lililo wazi. Mwongozo wa leo umerithi mgawanyo huo wa zamani, na hakuna sababu ya kitaaluma ya kutosha inayotolewa kwa nini muuguzi mwenye ufaulu wa juu asipewe hata nafasi ya kupimwa.

Hata hivyo muuguzi hawezi kukaa akisubiri mwongozo ubadilike. Ana njia mbili, na kila moja ina hesabu yake.

Njia ya kwanza ni kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani linataka mtahiniwa huyo awe na walau C tatu za kidato cha nne. Asiye nazo anaweza kurudia masomo yaliyomwangusha katika mtihani wa Novemba, bila kurudia yote. C ya kidato cha nne huanzia alama 45, na mtu mzima aliyekwisha kusoma uuguzi miaka mitatu anaweza kuifikia katika Biolojia na Kemia kwa miezi michache ya kujituma. Kidato cha sita ndiko kwenye mlima. Kule D huanzia 50, C huanzia 60, B 70 na A 80. Mwongozo wa TCU unaweza kusema D tatu zinatosha kuomba udaktari, na vyuo vingine vinataka C katika Kemia na Biolojia. Lakini kile ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Nafasi hutolewa kwa ushindani, na Muhimbili hupokea maombi ya vijana wenye A na B ambao hawajawahi kukesha wodini. Muuguzi anayejiandaa kupata D tatu anajiandaa kukosa.

Njia ya pili ni kurudi chuoni kusomea utabibu, miaka mitatu mingine, kisha kuomba udaktari kwa GPA. Wengi wanaipenda kwa sababu masomo yake wanayafahamu nusu, na mgonjwa wa malaria kali hajabadilika. Tatizo ni kwamba njia hii ina shimo ambalo watu hulikuta mwishoni. Kujiunga na chuo cha utabibu hakukulazimu uwe umefaulu Hisabati wala Kiingereza. Ni nyongeza nzuri tu. Kuingia udaktari kwa stashahada hiyo kunakulazimu. Hisabati ndilo somo linaloongoza kwa kuangusha watahiniwa wa kidato cha nne, na kwa miaka mingi wanaofaulu wamekuwa mmoja kati ya wanne au watano. Kwa hiyo yupo mtu anayemaliza miaka mitatu ya uuguzi, akaongeza mitatu ya utabibu, akapata GPA safi, halafu akakwama kwa F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka 17. F hiyo angeweza kuirekebisha Novemba yoyote katika miaka hiyo sita.

Ukipima njia hizo mbili kwa muda, tofauti si kubwa sana. Udaktari wenyewe ni miaka mitano, na mwaka mmoja wa utarajali. Afisa muuguzi msaidizi wa miaka 24 anayepita kidato cha sita kwa miaka miwili ya kujisomea atakuwa daktari akiwa na miaka 32. Anayepita utabibu, miaka 33. Tofauti kubwa iko kwenye mshahara. Mtahiniwa wa kujitegemea anaweza kuendelea na kazi yake, akasoma kati ya zamu na zamu. Anayekwenda chuo cha utabibu anaacha kazi, au anaomba ruhusa ya masomo ambayo mwajiri hana lazima ya kuitoa. Mwenye C za sayansi kwenye cheti chake, au anayeweza kuzipata kwa kurudia, afuate kidato cha sita. Utabibu ubaki kwa yule ambaye Fizikia ya kidato cha sita imemshinda baada ya kuijaribu kweli.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe, maana hapa ndipo wauguzi wengi hujidanganya kwa namna mbili.

Wanajidanganya kwanza kwamba Biolojia wameshaimaliza. Muuguzi anayajua moyo, figo na mfuko wa uzazi kuliko mwalimu wake wa zamani. Lakini Biolojia ya kidato cha sita haikai kwenye mwili wa binadamu peke yake. Ina uainishaji wa viumbe, kuvu na kangaga na minyoo, usanisinuru, ikolojia, jenetiki na mageuko ya viumbe. Ina mtihani wa vitendo wa kumpasua panya, chura au mende na kuchora kilichoonekana. Mtu akitumia miezi yake kurudiarudia mzunguko wa damu kwa sababu anaufurahia, maswali ya mimea yatamkuta mikono mitupu.

Udanganyifu wa pili ni kinyume chake: kwamba Fizikia ni somo la watu wengine. Ukweli ni kwamba muuguzi hugusa Fizikia kila zamu, ila hakuwahi kuambiwa kuwa ndiyo hiyo. Chukua mgonjwa aliyeandikiwa mililita 1,000 za maji ya mshipa ndani ya saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita. Muuguzi anazidisha 1,000 kwa 20, anagawanya kwa dakika 480, anapata matone 42 kwa dakika, anasimama na saa yake kuhesabu. Hiyo ni hesabu ya mtiririko, na ameifanya saa tisa ya usiku bila kikokotoo.

Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, muuguzi huyohuyo anaiacha kanyula ya bluu na kuchukua ya kijivu. Anajua kwamba pana hupitisha haraka. Sheria ya Poiseuille, katika mada ya vimiminika, inamwambia ni kwa kiasi gani: kipenyo cha ndani kikiwa mara mbili, na urefu na mgandamizo vikibaki vilevile, mtiririko unakuwa mara 16. Inamwambia pia kwamba kanyula fupi hupitisha zaidi ya ndefu. Shinikizo la damu la 120 analoliandika kwenye jalada ni kimo cha zebaki kwa milimita. Akizidisha mita 0.12 kwa msongamano wa zebaki, 13,600, na kwa 9.8, anapata karibu paskali 16,000, swali kamili la mtihani. Mashine ya kutakasia vifaa inafika nyuzi 121 kwa sababu mvuke umefungiwa na mgandamizo umepandisha kiwango cha kuchemka. Na akirudi nyumbani Newala, maji ya bombani yamesukumwa na pampu kutoka bonde la Mitema hadi juu ya uwanda: tani moja ya maji kupandishwa kila mita 100 inahitaji nishati ya jouli 980,000, kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani. Mwanafunzi wa sehemu hizi hakosi mifano.

Kemia nayo ipo mkononi. Chupa ya maji ya chumvi imeandikwa 0.9%, yaani gramu 9 kwa lita. Gawanya kwa 58.5, uzito wa moli moja ya chumvi, utapata moli 0.154 kwa lita. Anayeielewa chupa hiyo ameshika msingi wa hesabu za moli ambazo huwakimbiza vijana wengi wa mchepuo wa sayansi.

Mifano ya wodini, hata hivyo, inafungua mlango tu. Baada yake kuna mwendo wa mviringo, umeme, mawimbi na elektroniki, ambako wodi haisaidii sana, na hakuna njia isipokuwa kufanya maswali. Mitihani iliyopita ya Baraza ifanywe kwa saa tatu kamili, kalamu na karatasi, simu ikiwa imezimwa, kisha isahihishwe bila huruma. Mtu akitoka zamu ya usiku asiguse Fizikia. Alale, na apange somo hilo siku ya mapumziko asubuhi. Saa za uchovu zitumike kuchora mchoro wa Biolojia au kusoma maelezo mepesi. Walio kituo kimoja cha afya na wana nia moja wanaweza kubadilishana zamu wakapata asubuhi mbili za pamoja kwa wiki, na wakamlipa mwalimu mmoja wa sekondari kwa pamoja.

Vitendo ndivyo vinavyowaponza watahiniwa wa kujitegemea. Kemia ya kumimina asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke, pendulumu, waya wa upinzani, haya hayasomeki kwenye simu. Lazima ipatikane shule yenye maabara, iliyosajiliwa kuwa kituo, na makubaliano na mkuu wa shule yafanywe mapema, si wiki ya mwisho. Hapo muuguzi ana faida ya kweli. Amezoea kusoma kipimo kwa jicho lililo usawa wa alama, kuandika palepale alichokiona, na kutomimina zaidi ya kinachotakiwa.

Fedha zina kalenda yake pia. Kusini, nyumba nyingi hutegemea korosho, na minada hufanyika kuanzia Oktoba, wakati vyuo vikuu navyo vinafunguliwa. Fedha za mnada zinapoingia kwa chama cha msingi, ada ya muhula wa kwanza imeshadaiwa. Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka umri wa mwisho wa miaka 35 kwa mwombaji wa shahada ya kwanza, na inataka asiwe na ajira ya mshahara. Kwa hiyo muuguzi mwajiriwa lazima ajue mapema kama atasoma kwa mshahara wake kwa ruhusa ya mwajiri, au ataacha kazi na kuomba mkopo. Mtu wa miaka 31 anayesema ataanza kujipanga baada ya misimu miwili ya korosho anaweza kujifungia mlango wa mkopo.

Je, inafaa kwa umri huo? Cicely Saunders alizaliwa Uingereza mwaka 1918, akasomea uuguzi hospitali ya St Thomas' jijini London wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mgongo ukamzuia kuendelea na kazi ya wodini, akawa ofisa ustawi wa wagonjwa. Alipotaka kubadilisha namna wagonjwa wanaokaribia kufa wanavyotulizwa maumivu, daktari mmoja wa upasuaji alimshauri asomee udaktari, maana ndipo angesikilizwa. Aliingia shule ya udaktari akiwa na miaka 33, akafuzu 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice, iliyoongoza dunia katika huduma ya tiba shufaa. Uuguzi wake haukupotea. Ulimwonyesha ni swali gani la kitabibu ambalo madaktari hawakuwa wakiliuliza.

Wapo wauguzi ambao swali lao linajibika ndani ya uuguzi wenyewe, kwa shahada na ubobezi wa wagonjwa mahututi au afya ya akili, na hao hawahitaji kurudi kidato cha sita ili waheshimiwe. Safu hii ni ya wale ambao wamelipima jambo hilo na bado wanautaka udaktari.

Kwao TCU na vyuo vya udaktari vina deni. Kinachokosekana kwa muuguzi kinajulikana: Fizikia, sehemu ya Kemia, na Hisabati. Kozi ya mwaka mmoja ya masomo hayo, yenye mtihani mgumu wa pamoja mwishoni, na sifa ya kuingia iwe GPA ileile ya 3.0 anayotakiwa kuwa nayo tabibu, ingepima uwezo wa mtu badala ya jina la chuo alichopangiwa akiwa kijana. Wasioweza wangeshindwa kwa haki. Mikoa ya Mtwara na Lindi, ambako kupata madaktari wa kubaki ni kazi, ingefaidika kwa wauguzi wanaozungumza Kimakonde, Kiyao na Kimakua na wagonjwa wao, ambao tayari wana nyumba na mashamba huku.

Mpaka hilo lifanyike, muuguzi mwenye nia aangalie cheti chake wiki hii. Mwenye F ya Hisabati au Fizikia aulizie usajili wa mtihani wa Novemba. Mwenye C tatu atafute kituo chenye maabara, kwa kuwa usajili wa kidato cha sita hufanyika mwaka unaotangulia mtihani, mtihani hukaliwa Mei, matokeo hutoka Julai, na maombi ya vyuo hufunguliwa mara baada ya hapo.